Kushusha Kinyundo

Chepseon,
14 Juni 2023

Mwihaki mwanangu,

Wiki hii yote simu imekuwa ikitetemeka mezani, na kila mara nimeitazama mpaka ikatulia. Usidhani nimekukasirikia. Simu ni ya mtu anayesikia. Daktari wa masikio amenichunguza tena, akaniandikia kwenye karatasi, maana ndivyo watu wanavyoongea nami siku hizi, kwamba sikio la kulia limekwisha na la kushoto limebakiwa na kidogo tu. Bastola kama ile haikuwa ya kufyatuliwa ndani ya jikoni ya mabati. Kilichobaki ni ngurumo moja isiyokatika, kama feni za kiwanda cha chai. Meseji nazo macho yangu hayaziwezi. Kwa hiyo niandikie barua, uitume kwa gari la vifurushi, nitaichukua pale stendi. Andika herufi kubwa, kama unavyowaandikia watoto wako wa darasa la kwanza huko Boito.

Tangu uondoke, hapa watu wanalizunguka jambo kama watu wanaolizunguka shimo. Wanasema "ile ajali", "ile siku", "mambo yenu". Mimi nitaliandika lilivyo. Baba yako alimpiga risasi jirani yetu Kipngeno kwenye mlango wa jikoni yetu asubuhi na mapema, wakati wa ukungu, na Kipngeno alikufa kwa kutokwa damu kabla gari halijafika barabara ya lami. Risasi ilimwingia kwenye paja. Waliponiambia paja nilipata matumaini, sikujua kwamba kwenye paja pana mshipa mkubwa namna hiyo.

Walimzika Jumamosi. Nilisimama nyuma ya ua nikaona watu wakipita kwenda kwake. Sally, mkewe, hakutuma mtu kunikataza, wala hakutuma mtu kuniita.

Polisi walichukua bastola, risasi zote na cheti. Sefu imebaki wazi ukutani. Nimeweka mbegu za maharagwe ndani yake, maana panya hawafiki.

Kuhusu asubuhi yenyewe, usiniulize kwa sasa.

Mama yako,
Nyathira


Boito,
25 Juni 2023

Mami,

Nimeipata barua yako na nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa nimekasirika kwamba hushiki simu. Nisamehe.

Najua umesema nisiulize, lakini kesi haitusubiri. Jumamosi nilikaa na loya Omariba ofisini kwake Kericho. Alinichorea bastola ya baba kwenye karatasi ili nielewe kesi inasimamia wapi, na mimi nakuandikia ili na wewe uelewe.

Anasema bastola ile ya risasi sita inafyatuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza, unavuta triga tu. Ni mvuto mrefu na mzito, kwa sababu kidole kimoja kinafanya kazi yote: kinazungusha silinda, kinarudisha kinyundo nyuma, kisha kinakiachia kipige risasi. Ya pili, unakoki kwanza. Unakivuta kinyundo nyuma kwa kidole gumba mpaka kishike. Hapo triga inabaki nyepesi kabisa, ukiigusa imeondoka.

Sasa sikiliza, Mami. Omariba anasema mtu aliyekoki ni mtu aliyejiandaa. Upande wa serikali utasema alipata nafasi ya kufikiri, na kwamba huko ni kuua kwa makusudi. Lakini kama hakukoki, kama aliishika tu kwa hofu, akateleza kwenye kile kizingiti chenye maji na mkono ukajikaza, hiyo ni bahati mbaya. Baba ameshaandikisha hivyo polisi. Uliyekuwepo ni wewe peke yako. Ukiulizwa, sema mambo mawili: hakukoki, na mtu aliyekuja alikuja kimya. Wiki ile ng'ombe walikuwa wameibwa upande wa Kipkelion, kila mtu anajua. Mzee angejuaje?

Unajua nilivyokichukia kile chuma tangu siku kilipoingia nyumbani. Lakini baba ana miaka sitini na tisa. Akifungwa, hatatoka.

Mambo mawili tu, Mami.

Mwanao,
Mwihaki


Chepseon,
9 Julai 2023

Mwihaki,

Umenieleza bastola kana kwamba sijawahi kuiona. Wewe ulikuwa umeshaolewa ilipoingia humu, lakini mimi nimelala nayo chumba kimoja miaka zaidi ya kumi.

Unakumbuka wale majambazi walioingia hadiwea, duka letu la vifaa vya ujenzi, wakamvunja baba yako taya. Alipopona alitafuta kibali, akaenda kwa muuzaji wa silaha Nakuru, nami nikafuatana naye. Muuzaji alimwonyesha bastola bapa, zile za kusukuma risasi kutoka kwenye mpini. Baba yako akazikataa. Akasema hizo zinakwama, na mtu akikwama mbele ya jambazi hana nafasi ya kutengeneza mashine. Hii ya silinda, risasi moja ikigoma unavuta triga tena, inayofuata inakuja yenyewe. Akaipenda kwa hilo. Muuzaji alimwambia pia kwamba ingawa ni magnum, inakubali risasi nyingine fupi zisizo na kishindo, na kwamba hizo ndizo za kuweka nyumbani, zile ndefu aziache za uwanja wa shabaha. Baba yako akanunua zile ndefu peke yake. Akasema kama ni kulipia, alipie kitu kizima.

Nje ya uwanja wa shabaha sikumbuki akiitumia ila siku aliyommaliza fahali wa jirani yetu Rodah aliyevunjika miguu kule bondeni. Rodah alimwomba mwenyewe. Mlio ulirudi kutoka kila kilima, na baba yako hakula siku hiyo.

Mimi ndiye nilikuwa nikimpa kitambaa na mafuta anapoisafisha. Ndiyo sababu nakwambia hivi. Tangu vidole vyake vianze kuvimba, ule mvuto mrefu ulimshinda. Mwaka jana kwenye uwanja alikoki kila risasi. Ikiwa loya wako anataka kusema mzee hakukoki, na atakayeipima silaha ni mtu anayejua kazi yake, atauliza mkono ule ulivutaje.

Nimekwenda kumwona rumande. Amekonda, na sweta niliyompelekea imekuwa kubwa. Tulipewa muda mfupi.

Sijakujibu ulichoniomba. Najua.

Mama


Nyumbani kwa Sally, Chepseon
3 Septemba 2023

Mama Mwihaki,

Sijui nianze na salamu gani kwa hivyo siandiki salamu. Nakuandikia kwa sababu najua masikio yako yameharibika na sitaki kusimama barabarani nikupigie kelele watu wasikie.

Chebet alirudi kutoka shule akilia. Wamemwambia baba yake alikufa akiiba ng'ombe. Nikauliza hiyo maneno imetoka wapi, nikaambiwa loya wenu ndiye amesema, kwamba Kipngeno aliingia kwenu kama mwizi, bila kutoa sauti.

Ng'ombe wenu alikuwa na kamba yetu shingoni. Polisi waliiona. Alikuwa amevunja ua akaingia kwa mahindi yetu, na Kipngeno akasema nisimpige, atamrudisha kabla ya kwenda kukamua. Chai yake aliiacha kwa jiko.

Mwaka wa fujo za uchaguzi, ng'ombe wenu walilala kwa boma letu siku nyingi. Watu wetu wenyewe walikuja wakamuuliza hawa ni wa nani, akasema ni wangu. Walimpiga kwa hiyo. Hakuwaambia ninyi kwamba alipigwa, alisema mtaona haya.

Sitaki pole yako. Sitaki hata mzee afungwe mpaka afe, atakufa mwenyewe kama sisi wote. Nataka neno moja tu. Kipngeno hakuwahi kuingia boma la mtu bila kuita. Wewe ulikuwa hapo jikoni. Alisema nini?

Sally


Chepseon,
10 Septemba 2023

Mwihaki,

Nakutumia barua ya Sally pamoja na hii. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Sasa nitakwambia asubuhi ile.

Nilikuwa nawasha moto. Baba yako alisikia mnyororo wa geti ukigongana. Alikwenda chumbani akarudi na bastola, akasimama katikati ya jikoni akiutazama mlango, ambao nilikuwa nimeufungua moshi utoke. Nje ulikuwa ukungu mtupu, hata ule mti wa mgrevilea ulio karibu hauonekani. Nikamwambia, "Weka hiyo kitu, labda ni ng'ombe." Akasema, "Ng'ombe hafungui geti." Akakoki. Alitumia vidole gumba viwili, cha kulia kikisaidiwa na cha kushoto, na nikasikia kile kimlio cha kushika.

Kisha Kipngeno akaita. Alikuwa ameshafika karibu na tangi la maji. Alisema, "Baba Mwihaki, ni mimi Kipngeno. Nimewaletea ng'ombe." Aliyasema taratibu, kama mtu ambaye hajamaliza kuamka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia vizuri maishani mwangu.

Nilishusha pumzi. Nikamtazama baba yako nikitaka kucheka naye. Nikaona kidole chake kinavuta triga.

Ilikuwa baada ya jina, Mwihaki. Kama ingekuwa kabla ningelala usingizi. Kipngeno alikuwa ametokeza mlangoni.

Nimekaa na jambo hili tangu Mei. Nimelitafutia sababu. Nimejiuliza kama walikuwa na ugomvi wa mpaka nisioujua. Nimejiuliza kama ule mwaka wa fujo ulimwacha na kitu ndani alichonificha. Sipati. Ninachojua ni nilichokiona.

Nitakapoitwa nitakisema. Chebet anapita hapa kila siku na begi lake, na siku hizi anapita upande wa pili wa barabara.

Mama yako


Boito,
17 Septemba 2023

Mama,

Nimezisoma zote mbili.

Kipngeno namlilia. Alinibeba mgongoni nikivuka mto nikiwa mdogo. Lakini amekufa, na lolote utakalosema halitamwamsha. Baba yuko hai. Umekula naye sahani moja miaka arubaini. Alikujengea nyumba, alikaa hospitalini na wewe nilipozaliwa vibaya, na sasa unataka kusimama mbele ya jaji useme alimsikia mtu akitaja jina lake akampiga?

Ungeweza kusema hukusikia. Nani angekulaumu? Wewe ndiye usiyesikia.

Ukisema hayo kortini, usiniandikie tena.

Mwihaki


Chepseon,
1 Machi 2025

Mwihaki,

Najua ulichosema. Nimekaa kimya mwaka mmoja na zaidi kama ulivyotaka, na barua hii unaweza kuichoma. Lakini jana nilikuona ukitoka kortini kwa mlango mwingine, na nimeona heri uyasikie kutoka kwangu kuliko kukaa na uliyoyasikia ukiwa na hasira.

Siku niliyotoa ushahidi, wewe hukuja. Karani alikuwa akiandika swali, ananionyesha, najibu. Mwendesha mashtaka aliuliza marehemu alisema nini. Nikarudia maneno yake. Waliniambia baadaye kwamba nilipaza sauti mno, hata askari wa nje wakageuka. Sijui tena sauti yangu inavyotoka.

Omariba akasimama akauliza, "Mama, moshi ulikuwa mwingi?"

"Ulikuwepo, lakini nilikuwa namwona."

"Unaweza kuwa umesahau mambo yalivyofuatana?"

Nikamwambia ningependa sana kusahau.

Mwishowe nikaandikiwa swali lake lingine: "Kati ya jina na mlio, mzee alisema lolote?" Nikasema hakusema lolote. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akaja mkaguzi wa silaha. Alieleza kama nilivyokwambia. Bila kukoki, triga ile inahitaji nguvu ya mkono mzima. Ikiwa imekokiwa, inahitaji kidogo tu. Akaonyeshwa karatasi ya daktari kuhusu vidole vya baba yako. Akasema mkono huo usingeweza ule mvuto wa kwanza, na kwamba silaha yenyewe haina ubovu, haijifyatui ikianguka wala ikitikiswa, triga lazima ivutwe. Omariba akakaa chini. Hadithi ya kuteleza kwenye kizingiti ikaishia hapo, na baba yako akaonekana mwongo juu ya kuwa muuaji.

Jana jaji amempa miaka kumi na mitano. Sally alikuwa ameketi mbele yangu na hakugeuka.

Baba yako alinitazama wakati wanamtoa. Hakuwa na hasira. Ningeelewa hasira. Alinitazama kama mtu ambaye mlikubaliana mahali pa kukutana, akangoja mpaka giza likaingia.

Nimeuza yule ng'ombe.

Mama


Boito,
18 Mei 2025

Mami,

Sikuichoma. Niliiweka ndani ya kabati la shule pamoja na chaki, na wiki mbili sikulifungua kabati mwenyewe, nilimtuma Moureen, mwalimu mwenzangu.

Jumatano nilikwenda kumwona baba gerezani. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu dhidi yako, nikiamini atafurahi kuyasikia. Nikamwambia, "Mama alikuuza."

Akaniambia ninyamaze. Mami, nayaandika alivyoyasema, kwa sababu nilitoka pale nikakaa kwenye nyasi nje ya geti nikayaandika yote kabla hayajanipotea.

Alisema, "Mama yako hakudanganya hata neno moja. Nilikoki. Kipngeno aliita. Nilimsikia na nilimjua. Triga niliivuta."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Niliona haya. Mtu aliyenifichia ng'ombe ananirudishia ng'ombe, na mimi nimesimama jikoni nimemwelekezea mtutu. Nikataka kuituliza kabla hajafika mlangoni, asione. Sasa bastola ile ikishakokiwa, kinyundo hakirudi chenyewe. Lazima ukikamate kwa kidole gumba, uvute triga ili kiachiliwe, halafu ukishushe taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Nimefanya hivyo mara nyingi. Nikaelekeza mtutu chini, nikakamata kinyundo, nikavuta triga. Kidole kikateleza."

Akanyoosha kidole chake gumba kwenye wavu nikione. Kiungo kimevimba kama kitunguu, Mami. Hakikunjiki.

Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo. Akasema polisi walipomuuliza siku ile alisema tu "ilifyatuka". Baadaye alimweleza Omariba yote. Omariba akamwambia, "Mzee, ukikubali ulikoki, ukakubali ulimjua, ukakubali ulivuta triga, jaji atasikia hayo matatu na hatangoja la nne. Sema uliteleza." Basi wakaandika aliteleza.

Nikasema, "Na mama? Kwa nini hukumwambia mama?"

Akanishangaa. Akasema, "Nilimwambia. Alipokuja rumande mara ya kwanza. Nilimweleza yote kupitia wavu, mpaka kidole. Nikamuuliza, nifuate maneno ya wakili? Akaitikia kwa kichwa. Nikajua tumepatana. Halafu akaja kortini akasema nusu ya mambo, ile nusu nyingine akaiacha. Mwaka mzima najiuliza nilimkosea nini."

Mami, ulimsikia?

Najua jibu. Nauliza tu kwa sababu siwezi kutouliza.

Kuna loya mwingine hapa Bomet, mwanamke. Anasema muda wa kukata rufaa umepita lakini mtu anaweza kuomba aongezewe. Baba hataki. Anasema Kipngeno hana rufaa.

Nisamehe kwa ile barua yangu fupi. Si barua ya kumwandikia mzazi.

Mwihaki wako


Chepseon,
1 Juni 2025

Mwihaki mwanangu,

Sikumsikia.

Wavu wa pale ni mzito na kulikuwa na watu wengi, kila mmoja amejibandika kwa mtu wake. Niliona midomo yake inakwenda. Alikuwa anaongea haraka, anaonyesha mikono yake, na mimi nilidhani ananilalamikia maumivu ya vidole, kwamba baridi ya humo inamwumiza. Nilikuwa sijazoea bado. Wakati ule bado niliona aibu kumwambia mtu, sisikii, rudia. Na askari alikuwa amesimama karibu. Nikaitikia kwa kichwa ili asidhani nimemchoka. Nikatoka nikaenda kumnunulia sweta nyingine.

Hilo ndilo lililotokea. Nimelitazama kila upande na halina upande mwingine. Na nikirudi jikoni kwa mawazo naona mtutu ulikuwa umeinama. Nilikuwa natazama kidole, sikutazama mtutu. Mtu anayetaka kuua hapigi paja.

Unaniuliza kama nimesikitika kutoa ushahidi. Hukuniuliza, lakini liko katikati ya mistari. Sijui nikujibuje. Kipngeno aliita na nilisema aliita. Hilo singelirudisha. Lakini nilisimama mbele ya watu wote nikasema nilichokiona, nikidhani nilichokiona ndicho kilichotokea.

Jana nilichukua barua yako nikaenda kwa Sally. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu ule mwezi wa msiba. Nilimkuta kwenye chai yake, ile ya mteremkoni, anachuma, kikapu mgongoni. Aliniona nikija akaendelea kuchuma. Nikasimama mwisho wa mstari nikamnyooshea barua. Alipangusa mikono kwenye plastiki aliyojifunga kiunoni, akaichukua.

Aliisoma polepole, akirudi nyuma mahali pengine. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikiangukia karatasi na sikuthubutu kumwambia aikinge. Alipomaliza alisema kitu, nikamwonyesha masikio yangu. Akainama, akaandika kwa kijiti kwenye udongo, kati ya mistari ya chai:

Alimjua?

Nikasema ndiyo. Nikasema, "Alimjua kwa sauti, kabla hajamwona."

Alisimama pale akilitazama hilo neno lake chini. Kisha akalifuta kwa kiatu, akanirudishia barua ikiwa imekunjwa vizuri, akageukia chai yake.

Sikujua kama nimefukuzwa. Nikaingia mstari wa pili nikaanza kuchuma. Nimezeeka, mikono yangu haina kasi, na nilikuwa natia majani kwenye leso niliyokuwa nimejifunga kwa kuwa sikuja na kikapu. Hakunitazama. Labda alikuwa akiongea, labda hakuongea, alikuwa amenipa mgongo. Tulishuka hivyo mpaka chini kwenye mfereji.

Jumatano nitakwenda kwa baba yako. Nimemwandikia maneno machache kwa herufi kubwa, na nitamwomba askari aniruhusu nimpe kalamu. Akikataa, nitamwambia mzee aseme polepole, na nisipoelewa nitamwambia sielewi. Mambo ya loya wa Bomet nitamuuliza mwenyewe. Ni yeye wa kukata rufaa, si wewe wala mimi. Usimsukume.

Tulipofika mfereji, Sally alitua kikapu chake. Akaichukua leso yangu, akaifungua, akatoa majani mawili matatu niliyoyachuma yamekomaa mno, akayatupa. Yaliyobaki akayachanganya na yake, akanirudishia leso, akapanda kuelekea sentani, kule wanakonunua chai, kupima.

Mama yako,
Nyathira